Oili ya fulu sintetiki unaimwaga baada ya kilomita ngapi? Anza kuhesabu masaa

Wadau, hili swali naulizwa karibu kila wiki: "mkuu nimeweka fulu sintetiki, fundi kaniambia elfu kumi, jamaa yangu anasema elfu tano, dukani wameniambia hii inaenda mpaka elfu kumi na tano, nimsikilize nani?" Ukweli ni kwamba wote watatu wanaweza wakawa sahihi na wote watatu wanaweza wakakuulia injini, kwa sababu wanazungumzia kilomita wakati oili haijui kilomita, oili inajua moto, masaa, vumbi na petroli inayovujia chini. Leo nataka tumalize hii kitu taratibu, ukimaliza kusoma uwe na namba yako wewe ya gari lako, sio namba ya kwenye galoni.

Kwanza niwaambie kilichonikuta mimi ili muelewe kwa nini nalishupalia hili. Nina IST yenye injini ya 1NZ-FE, nikaipeleka gereji moja hapa mjini wakaniwekea fulu sintetiki 5W-30, wakanining'inizia na kadi imeandikwa elfu kumi mbele. Nikafurahi, nikasahau boneti kabisa. Kwenye kilomita elfu saba hivi, nakata kona ya raundabauti, taa nyekundu ya oili ikawaka ikazima. Nikajua ni waya. Kesho yake tena, ile nafunga breki kwenye mteremko. Nikapaki pembeni nikachomoa dipstiki, kavu, nikaifuta nikairudisha nikachomoa tena, kwenye ncha kabisa kuna kama tone. Nilinunua oili sheli ya jirani nikaongeza lita mbili na kidogo ndio ikafika kwenye F, ile alama ya kujaa. Injini hiyo na filta yake inabeba lita 3.7, yaani nilikuwa natembea na lita moja na nusu tu mjini na AC imewashwa! Oili yenyewe haikuwa mbaya, ilikuwa imepungua tu, na kadi ya elfu kumi ndiyo iliyonipumbaza nisifungue boneti.

Na hapo kuna jambo wengi hawalijui: ile taa nyekundu yenye alama ya kibuyu inaonyesha presha, haionyeshi kiasi cha oili. Ikiwaka mara nyingi maana yake pampu imeshaanza kunyonya hewa, na beringi zinasagana bila kitu katikati. Ikiwaka zima injini hapo hapo, usiseme ngoja nifike nyumbani. Injini nyingi zinazotoa mkono barabarani (konrodi inapotoboa bloku) hadithi yake huanza na "taa iliwaka nikajua nitawahi".

Haya, tuingie kwenye kazi.

HATUA YA 1: Hakikisha ulichonacho ni fulu sintetiki kweli

Chukua galoni usome. Ikiandikwa "Fully Synthetic" au "Full Synthetic" sawa. Ikiandikwa "Synthetic Blend", "Semi Synthetic" au "Synthetic Technology" hiyo kwa hesabu zetu ichukulie ni mchanganyiko, na kilomita zake zipunguze. Halafu kuna kaugomvi ka zamani kidogo, mwaka 1999 kule Marekani Mobil walimshtaki Castrol kwenye chombo cha kusimamia matangazo, wakisema oili ya Castrol imetengenezwa kwa mafuta ghafi yaliyosafishwa sana, ile inaitwa grupu ya tatu, kwa hiyo haistahili kuitwa sintetiki. Castrol akashinda, na tokea hapo fulu sintetiki nyingi madukani ni grupu ya tatu. Ni oili nzuri tu, usiogope, ila ujue neno sintetiki kwenye galoni lina upana wake.

Tazama na herufi za API, taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Gari la petroli tafuta SN, SP au SQ, SP imeanza 2020 na SQ ndiyo mpya zaidi, imeanza 2025. Dizeli ni herufi za C, kama CI-4 au CK-4. Ukikuta galoni linang'aa lina picha ya gari la mashindano lakini herufi ni SF au SG, hiyo ni daraja la miaka ya themanini, achana nayo.

Unene nao: 5W-30 ndiyo inayofaa Toyota nyingi tunazoendesha, IST, Vitz, Premio, Runx na ndugu zao. Mafundi wetu wa zamani wanapenda kukumiminia 20W-50 kwa sababu "hapa kwetu joto", lakini VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka valvu, inaendeshwa na presha ya oili ikipita kwenye vitundu vidogo sana, ukiweka oili nzito kama uji, asubuhi ukiwasha inachelewa kufika juu. Kama injini imechoka kweli inakunywa oili, panda mpaka 5W-40 au 10W-40, hapo tutaelewana.

Feki je? Zipo na nyingi. Nunua kwa wakala anayejulikana, tazama mfuniko kama ringi ya plastiki haijakatika, na ukimaliza kumwaga usimwachie fundi galoni. Akikwambia "boss niachie hilo galoni la kuwekea maji" mwambie sawa, halafu toboa na kisu kwanza. Galoni zuri lenye stika safi lina soko lake na wanunuzi wake hawaweki maji.

HATUA YA 2: Tafuta mwendo wako wa wastani

Hapa ndio kwenye nyama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukikutana na opareta wa ekskaveta au mtu wa jenereta mwulize oili anamwaga lini, hatakutajia kilomita, atakwambia "sevisi ya masaa 250". Wale wako sahihi siku zote kwa sababu mashine zao zinafanya kazi zimesimama. Sasa gari lako kwenye foleni lina tofauti gani na jenereta? Limesimama, injini inazunguka, AC imewashwa, feni inapiga, na kilomita kwenye dashibodi hazisogei.

Chukua mfano wangu. Natoka Mbezi naenda Posta, kama kilomita 22, asubuhi natumia muda wa saa moja na nusu, jioni hivyo hivyo. Kilomita 44 kwa masaa matatu, wastani kilomita 15 kwa saa. Nikifika elfu kumi injini imezunguka masaa zaidi ya 660. Sasa mchukue mtu anayepiga Dar kwenda Mbeya na kurudi kila wiki, wastani wake kama 65 kwa saa, elfu kumi yake ni masaa 154 tu, tena masaa mazuri, injini ina joto sawasawa, unyevu wote umekauka. Mimi na yeye tukiwekewa kadi ya elfu kumi ile ile, mmoja wetu anadanganywa.

Namna ya kujua wastani wako: magari mengi ya karibuni yana kipimo cha mwendo wa wastani kwenye dashibodi, kitafute kwenye kitufe cha trip. Kama gari lako halina, wiki moja tu andika kwenye simu kilomita za Jumatatu asubuhi, na kila ukiwasha na kuzima andika dakika. Jumapili gawanya kilomita kwa masaa. Basi, inaudhi kidogo lakini unaifanya mara moja tu. Kwa jiji la Dar ukipata 15 mpaka 25 usishangae, na ndugu zetu wa Nairobi nao wakija na namba kama hizo nitawaamini.

HATUA YA 3: Piga hesabu

Mimi kwa fulu sintetiki nzuri kwenye injini ya petroli isiyo na turbo natumia masaa 300. Zidisha kwa wastani wako.

Wastani 15, unapata 4,500. Wastani 20, unapata 6,000. Wastani 25, unapata 7,500. Wastani 65 inakuja 19,500, hapo simama, usiende huko. Dari weka elfu kumi hata kama hesabu inakwambia zaidi, maana vumbi letu, filta za hewa za kuokoteza na uzee wa injini zenyewe vina sauti pia.

Na miezi. Oili hata ikikaa tu inachoka, hasa gari la kwenda kanisani na sokoni. Ukiwasha injini ikiwa baridi, petroli kidogo inapita pembeni ya ringi za pistoni inaingia kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, na mvuke wa maji pia. Ukitembea nusu saa vinageuka mvuke vinatoka. Ukitembea dakika tano ukazima, vinabaki, kesho vinaongezeka. Ndio unafungua mfuniko wa oili unakuta kitu cheupe kama maziwa ya mgando. Gari la safari fupi fupi mwaga kila miezi sita hata kama kilomita ni elfu mbili. Mengine yote yasizidi mwaka. Haibridi kama Aqua na Prius watu wanadhani zinatunza oili kwa sababu injini inazima zima, lakini huko kuzima zima ndiko kunafanya isipate joto vizuri, msirefushe sana kilomita za oili yake.

HATUA YA 4: Punguza kulingana na shida za gari lako

Turbo ya petroli, mfano Subaru Forester zile watoto wa mjini wanazipenda, punguza theluthi. Oili inapita kwenye shafti ya turbo yenye moto mkali, ukizima ghafla baada ya kukimbiza inabaki pale inaungua inakuwa mkaa. Watu wa Subaru wenye akili hawazidi elfu tano hata na sintetiki ya bei mbaya.

Dizeli, Prado, Hilux, Hiace, ukiona oili imekuwa nyeusi siku ya pili usimfuate muuza duka, ni masizi hayo, dizeli ndivyo zilivyo. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa ya dizeli mpaka 50 ppm, ikawa nafuu kubwa kwa oili maana salfa ndiyo inayozaa asidi, lakini dizeli ya kwenye madumu njiani hakuna anayejua ina nini. Elfu tano mpaka elfu saba na nusu, usiwe na tamaa.

Barabara ya vumbi kila siku, kubeba mzigo, kuvuta trela, kuendesha taksi za mtandaoni kutwa nzima, kila kimoja punguza robo.

Gari la Ulaya lina mambo yake. VW na wenzake wana oili za kwenda mpaka kilomita 30,000 au miaka miwili, na kompyuta ndiyo inakuhesabia. Huko kwao, barabara zao, petroli yao, na oili yenye kibali maalum cha namba kwenye galoni, kama 504 00. Hapa kwetu ukiona kompyuta inasema bado elfu kumi na nane, mimi ningekata nusu bila kuiuliza. Lakini kibali cha namba usikikate, weka oili yenye namba hiyo hiyo.

Bodaboda mmeniuliza pia. Nyie msichanganye na haya, klachi yenu inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, weka ya pikipiki yenye maandishi ya JASO MA, ukimwaga oili ya gari ya kuokoa mafuta klachi inaanza kuteleza. Na kwa lita moja na ushee inayozunguka kutwa nzima, elfu kumi msahau kabisa.

HATUA YA 5: Kama ndio mara ya kwanza unahamia sintetiki

Oili ya kwanza usiiache ifike mwisho. Sintetiki nzuri ina sabuni nyingi (viongezeo vya kusafisha), inaanza kuosha tope lililoganda miaka na miaka, na tope hilo linakwenda kwenye filta. Imwage kwenye elfu tatu, badilisha filta, weka nyingine, halafu ndio uanze hesabu yako ya masaa. Ni gharama mara mbili, najua, ndio maana hiyo ya kwanza weka sintetiki ya bei ya kati.

Dawa za kuosha injini za dakika kumi mimi siziamini kwenye injini isiyojulikana historia yake. Tope likibanduka kwa vipande linaenda kuziba chujio la pampu kule chini kwenye sampu, na hapo ulikuwa na injini nzima asubuhi jioni huna.

Watu watakwambia pia ukishaweka sintetiki huwezi kurudi nyuma. Unarudi vizuri tu, na ukipungukiwa njiani ukaongeza oili ya kawaida haitalipuka. Na wanaosema sintetiki inavujisha injini, mara nyingi sili ilikuwa imeshakauka, tope ndilo lililokuwa limeziba, likioshwa unaona ukweli.

HATUA YA 6: Siku ya kumwaga

Hata kama fundi ndiye anafanya, simama hapo hapo uangalie.

Washa injini dakika tano, iwe vuguvugu, isiwe moto wa kukuunguza. Paki pa tambarare. Ukiingia chini weka stendi, usiingie chini ya jeki peke yake hata kwa dakika moja. Fungua mfuniko wa juu hewa ipite, halafu boliti ya sampu, kwa Toyota hizi ndogo ni spana 14. Iache idondoke dakika ishirini. Mafundi wanafunga ikiwa bado inatiririka kama uzi, mwambie subiri bana, hiyo inayobaki ndiyo chafu kuliko zote.

Ile washa (pete bapa) ya boliti weka mpya. Kaza kwa spana ya kawaida na nguvu ya mkono, asilete bomba la kuongeza nguvu, sampu ikishalika uzi utahangaika na thredi tepu maisha yako yote.

Filta badilisha kila unapomwaga, hakuna cha "filta hii bado". Kwenye oili ya muda mrefu ndio filta inafanya kazi kubwa zaidi, kuweka sintetiki ya bei na filta ya ajabu ajabu ni kuvaa suti na kandambili. Hakikisha raba ya filta ya zamani imetoka nayo, isibaki imeganda kwenye injini maana raba mbili zikikutana oili yote inamwagika barabarani. Paka raba mpya oili kidogo, funga kwa mkono mpaka iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko.

Kwa injini ya lita 3.7 mimina kama 3.2 kwanza. Washa, taa nyekundu ikizima acha dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima, ongeza kidogo kidogo mpaka karibu na F. Usipitilize. Oili ikizidi krankshafti inaipiga inatoka povu, na povu halilainishi kitu. Fundi akimimina galoni zima la lita nne kwa sababu "ulilipia zote" mzuie, hiyo iliyobaki weka kwenye buti, utaihitaji.

Oili chafu usimwage mtaroni. Pale gerejini wana pipa, na watu wa mbao wanaitafuta wenyewe kupaka nguzo dhidi ya mchwa.

HATUA YA 7: Dipstiki kila Jumamosi

Asubuhi kabla ya kuwasha, gari tambarare. Chomoa, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena, soma. Kati ya L (alama ya chini) na F kwa hizi Toyota ndogo ni karibu lita moja. Andika kwenye simu. Ndani ya mwezi utajua gari lako linakunywa kiasi gani, na injini nyingine zina jina kwa hilo: 2AZ-FE ya Harrier, Alphard na RAV4 za miaka ya elfu mbili ni mnywaji anayejulikana, huko Marekani Toyota walifikia kurefusha waranti ya baadhi ya magari yenye injini hiyo kwa sababu ya ringi za pistoni. Ukiwa nayo, lita moja kwenye buti ni kama spea tairi.

Rangi isikutishe. Oili nyeusi maana yake sabuni inafanya kazi, inayobaki ya dhahabu kwenye injini chafu ndiyo ingenipa wasiwasi. Ukitaka kuipima kienyeji, chukua tone moja la dipstiki weka kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, hata tishu ya mezani iliyokunjwa, iache usiku kucha. Asubuhi ukiona doa limesambaa taratibu kutoka kijivu mpaka kahawia hafifu, bado ina uhai. Ukiona doa jeusi tii limeganda katikati lina ukingo mkali kama muhuri, na pembeni duara la mafuta peke yake, sabuni imeisha, masizi yameshindwa kubebwa, mwaga. Na ukinusa dipstiki ikakupiga harufu ya petroli, au kiasi kinapanda badala ya kushuka, usingojee hesabu yoyote, mwaga na utafute plagi au noseli gani haichomi.

Mimi sasa hivi IST yangu naimwaga oili kila kilomita 5,000, wastani wangu umepanda kidogo tangu nianze kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kukwepa foleni, na naongeza nusu lita kila kilomita 1,600 hivi. Kadi ya elfu kumi bado ninayo, nimeigeuza upande wa nyuma ndiko naandikia kilomita kwa kalamu.